Alama 58 za Afande: kisa cha jaribio lililofanywa lakini halikuhesabiwa

Matokeo ya muhula wa kwanza wa uzamili yalipotoka, Afande alikuwa na masomo manne kwenye akaunti yake ya mfumo wa chuo: uongozi katika utumishi wa umma 72, uchambuzi wa sera 66, fedha za serikali 61, mbinu za utafiti 58. Aliyapiga picha, akamtumia mumewe, akarudi kazini. Kwa hesabu yake alikuwa amefaulu yote manne. Shahada ya kwanza aliimaliza na masomo kadhaa ya hamsini na kitu, na hakuna siku aliyoitwa ofisini kwa ajili hiyo.

Safari hii aliitwa. Shahada ya kwanza alama ya kufaulu somo ni 50. Kwa uzamili ni 60. Ndivyo ilivyo Chuo Kikuu cha Makerere hapa Uganda na ndivyo ilivyo katika chuo cha Afande. Kinachowachanganya watu ni kwamba pointi zenyewe hazibadiliki sana kutoka ngazi moja hadi nyingine. Alama 58 inaangukia kati ya 55 na 59, inapewa pointi 2.5 katika kipimo cha 5, awe anayesomeshwa ni kijana aliyetoka Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, jana au mtu mzima mwenye vyeo begani. Tofauti ni kwamba kijana anasonga mbele na mtu mzima anarudia somo. Wanafunzi wenyewe wanasema ana riteki.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanafunzi wa uzamili wanaofanya kazi; chuo sikitaji na mhusika namwita Afande, kama darasa zima lilivyomwita. Ni inspekta wa polisi, anaishi kambi ya Nsambya jijini Kampala, anasoma uzamili wa utawala wa umma mwishoni mwa wiki. Ukikisimulia kisa hiki kwa watu watano, wawili watasema kaonewa, wawili watasema mzembe, na mmoja atauliza kama kampa mtu kitu kidogo. Mimi naona Afande alikuwa na haki yake kamili mkononi, akaipeleka mlango usio wake, na chuo nacho kilikuwa kimeficha kibao cha mlango sahihi.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyompotezea muda. Rafiki yake wa darasani, kaka mmoja kutoka Bukavu, alimwambia: "Dada Afande, usihangaike, wastani wako uko juu." Hesabu ya huyo kaka ilikuwa sahihi. Kila somo lina krediti zake, yaani uzito wake katika hesabu: uongozi una krediti 4, sera 3, fedha 3, utafiti 4. Zidisha pointi kwa krediti: 4.0 mara 4 ni 16, 3.5 mara 3 ni 10.5; 3.0 mara 3 ni 9, 2.5 mara 4 ni 10. Jumla 45.5, gawa kwa krediti 14, unapata 3.25. Chuo kinadai wastani usishuke chini ya 3.0, na yeye yuko juu yake. Ila kanuni zinadai mambo mawili kwa pamoja, wastani na kufaulu kila somo la lazima, na la kwanza halilipii la pili. Mwanafunzi anaweza kuwa na wastani mzuri na bado asiruhusiwe kutetea tasnifu kwa sababu ya somo moja lililokwama. Mbinu za utafiti ni la lazima. Na katika chuo hiki linafundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kurudia maana yake ni kusubiri darasa la mwakani.

Mpaka Afande anayaelewa haya, wiki mbili zilikuwa zimepita tangu matokeo yabandikwe. Kitabu cha kanuni kinampa mwanafunzi siku 30 za kulalamika. Nusu ya muda wake aliitumia akiwa na furaha.

Tuingie ndani ya hiyo 58. Kwenye somo hilo kazi za muhula zinabeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Hizo 40 zimegawanywa mara mbili: pendekezo fupi la utafiti 20, jaribio la darasani 20. Wiki ya jaribio Afande hakuwepo Kampala. Alikuwa ametumwa Moroto, huko Karamoja, na kikosi chake, na mtu wa polisi hapangi yeye lini aende Karamoja. Kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo, ukiniuliza, ndilo lililomwokoa baadaye: alichukua barua ya mkuu wake, akaipeleka idarani yeye mwenyewe na nakala mbili, nakala moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akaondoka nayo. Barua ile ilipofika kwa mkuu wa idara, aliandika pembeni kwa kalamu: mhadhiri husika, tafadhali mshughulikie.

Aliporudi, mhadhiri akampa jaribio la kufidia siku ya Jumamosi saa mbili asubuhi, yeye na mwenzake mmoja aliyekuwa amelazwa. Alipata 13 kati ya 20. Karatasi ikarudishwa ikiwa na alama na saini. "Usijali Afande, nitaingiza," mhadhiri alimwambia koridoni, na Afande hakujali.

Mhadhiri huyo alikuwa wa muda. Vyuo vyetu vinategemea sana wahadhiri wa aina hiyo, hasa kwa madarasa ya wikendi: mtu anafundisha hapa Jumamosi, kwingine Jumapili, mkataba ni wa muhula. Huyu alikuwa na daftari lake la alama kwenye kompyuta yake, na jaribio la kufidia alilifungulia safu ya pembeni. Alipohamisha alama kwenda kwenye fomu rasmi ya idara, ile safu ya pembeni ilibaki nyuma. Fomu ikasainiwa na yeye, ikasainiwa na mkuu wa idara, ikaingizwa kwenye mfumo. Mfumo haujui kusema "hapa pana pengo". Penye pengo unasoma sifuri. Kwa hiyo Afande alihesabiwa 15 za pendekezo, 0 ya jaribio na 43 za mtihani. Ndiyo 58.

Hapa napenda tusimame kidogo, maana kisa chote kiko katika namba hizi tatu. Mtu aliyepata 43 kati ya 60 kwenye mtihani amefanya zaidi ya asilimia 70. Aliyepata 15 kati ya 20 kwenye pendekezo amefanya asilimia 75. Mtu wa namna hiyo hafeli somo kwa njia ya kawaida. Yeyote ambaye angeziona zikiwa zimetenganishwa angeuliza jaribio limeenda wapi. Lakini kwenye akaunti ya Afande kulikuwa na namba moja tu, 58. Kitabu cha kanuni cha chuo hicho kinasema alama za kazi za muhula zionyeshwe kwa wanafunzi kabla ya mtihani wa mwisho, mwanafunzi azikague na kutia saini. Kwa darasa la wikendi halikufanyika. Karani alipoulizwa baadaye alisema mchana wanafunzi wa wikendi hawapo, na wikendi ofisi imefungwa. Ni kweli yote mawili, na ndiyo hasa sababu kanuni ile ina maana kubwa zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wale wanaoshinda chuoni.

Akiwa na namba moja isiyo na maelezo, Afande akafikiri kama askari: kama matokeo si sawa, basi aliyesahihisha mtihani amekosea. Akaenda benki, akalipa ada ya kusahihishiwa upya, akajaza fomu. Ndani ya fomu pana mstari ambao watu wengi husaini bila kuusoma, kwamba alama itakayotoka kwenye usahihishaji mpya ndiyo itakayosimama, ipande au ishuke.

Kijitabu chake cha majibu kikatolewa, jina halipo, namba ya usajili tu, kikapelekwa kwa msahihishaji mwingine ambaye hakuhusika mara ya kwanza. Akatoa 41.

Wengi wakisikia hapa hushtuka, lakini mimi sioni ajabu. Maswali ya utafiti ni ya insha. Wasahihishaji wawili waaminifu wakisoma insha ile ile wanaweza kutofautiana alama mbili bila yeyote kuwa amekosea. Kanuni ya "ipande au ishuke" ipo ili mtu asicheze kamari na muda wa wahadhiri: ukijua unaweza kupoteza, utaomba pale tu unapoamini kweli umeonewa. Kama kanuni, naiunga mkono. Tatizo ni kwamba Afande alicheza bila kujua kwamba kijitabu cha majibu hakikuwa na ugomvi wowote. Sasa jumla yake ikawa 56, na siku za kulalamika zimebaki tano.

Aliyemtoa hapo ni karani wa idara, mama mmoja wa makamo ambaye kwa nje anaonekana mkali. Afande alikuja na sare, moja kwa moja kutoka zamu, akataka kuonana na mkuu wa idara. Mama yule akamtazama, akamwuliza: "Afande, umewahi kuona alama zako za kazi za muhula?" Hajawahi. Akazitafuta kwenye nakala ya fomu. Safu ya jaribio ilikuwa tupu kwa wanafunzi wawili tu katika darasa zima: Afande, na yule aliyekuwa amelazwa. "Hii si ya kusahihisha upya," akasema. "Hii ni alama iliyopotea. Fomu yake ni nyingine, na haina ada."

Kwenye vyuo, malalamiko ya alama huwa na sura kadhaa ambazo watu huzichanganya. Kuna kudai kwamba msahihishaji hakutenda haki. Hiyo ndiyo ya kulipia, kijitabu kinasomwa upya, unabeba hatari. Kuna kudai kwamba hesabu ya kujumlisha imekosewa. Hiyo inamalizwa kwa kikokotoo. Na kuna kudai kwamba kazi uliyoifanya haikuingizwa kabisa. Hii ya tatu haihitaji mtu kusoma majibu yako tena. Inahitaji ushahidi kwamba ulifanya, uliruhusiwa kufanya, na ulipata hiki. Lawama hapo ni ya kumbukumbu za ofisi, na ofisi ndiyo inayopaswa kuzitafuta kwanza.

Isidhaniwe kwamba karani angeweza kuiandika tu ile 13 siku hiyo hiyo. Mwaka 2017 Makerere ilitikiswa na kashfa ya alama kubadilishwa ndani ya mfumo wake wa kompyuta, wafanyakazi wakasimamishwa kazi, na waajiri wakaanza kuzitazama hati za matokeo kwa jicho lingine. Baada ya jambo kama lile hakuna msajili anayejipenda atakayeruhusu namba ibadilike kwa neno la koridoni, hata kama anayeomba ni afisa wa polisi mwenye sare. Pengine hasa akiwa na sare. Njia ya kubadilisha alama iliyokwishawasilishwa ni ndefu kwa makusudi: idara inaandika, kamati ya mitihani ya kitivo inakaa, bodi inapitisha, Seneti inathibitisha. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 imeiweka Seneti juu ya mambo yote ya kitaaluma, na mpaka ithibitishe, matokeo unayoyaona kwenye simu yako ni ya muda.

Afande alipeleka fomu siku mbili kabla ya muda kwisha, akiambatanisha barua yenye muhuri, karatasi ya jaribio yenye saini na maelezo ya ukurasa mmoja. Kazi ya kumtafuta mhadhiri ilimwangukia kaka wa Bukavu, maana mkataba ulikuwa umekwisha na mtu ameshahamia Juba. Akapatikana kwa WhatsApp, akaomba radhi, ila ujumbe wa WhatsApp kamati isingeupokea. Akaandika barua pepe kwa mkuu wa idara kutoka anwani aliyokuwa akiitumia chuoni, akaambatanisha daftari lake lenye ile safu ya pembeni. Wakati huo huo Afande akalipia riteki ya mwakani. Wenzake wakamcheka: unadai umefaulu halafu unalipa ada ya kurudia? Nadhani alikuwa sahihi. Alipolipa aliandika barua kwamba analipa ili asipoteze nafasi, bila kuathiri madai yake. Angesubiri kamati kwanza, na kamati ikachelewa kupita tarehe ya usajili, angeweza kupoteza mwaka mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kamati ilipokaa, jambo la kwanza iliuliza ni kama jaribio la kufidia liliruhusiwa. Kanuni inataka idhini ya mkuu wa idara, na mhadhiri hana mamlaka ya kumpa mtu jaribio la peke yake kwa huruma zake. Hapo ndipo yale maneno ya kalamu pembeni mwa barua yalipofanya kazi. Mjumbe mmoja alisema "mshughulikie" si idhini. Mwingine akajibu kwamba kama si idhini, basi mkuu wa idara aeleze alimaanisha nini. Mkuu wa idara alikuwepo, akasema alimaanisha jaribio. Ikaisha.

Jambo la pili lilikuwa uhalisi wa karatasi. Saini ikalinganishwa na zilizoko kwenye fomu za alama, daftari la mhadhiri likasomwa, na jina la yule mwanafunzi mwingine likakutwa kwenye safu ile ile akiwa na 11, naye hakuwa amelalamika hata kidogo. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Mtu anayeghushi hamkumbuki mwenzake.

13 ikakubaliwa. Lakini 13 iongezwe kwenye nini? Pendekezo 15, jaribio 13, na mtihani ni 43 au 41? Kwa 43 jumla ni 71, pointi 4.0, na wastani wa muhula unapanda hadi 3.68. Kwa 41 jumla ni 69, pointi 3.5, wastani 3.54. Afande aliomba usahihishaji ule ufutwe, kwa kuwa aliuomba akiwa gizani. Kamati ikakataa: fomu aliisaini mwenyewe, na kanuni inasema alama mpya ndiyo ya mwisho.

Kwa maandishi ya kanuni, kamati haikukosea. Ila naona ilisoma ukurasa mmoja ikauacha mwingine. Ukurasa unaosema alama mpya ni ya mwisho uko katika kitabu kile kile kinachoiamuru idara ionyeshe alama za kazi za muhula kabla ya mtihani. Mwanafunzi amebebeshwa matokeo ya kusaini bila kujua. Idara haikubebeshwa chochote kwa kumfanya asijue. Kama ningekuwa ndani ya chumba kile ningependekeza 43 irudi, si kwa sababu msahihishaji wa pili alikosea, ila kwa sababu ombi lenyewe lilizaliwa na kosa la ofisi. Mjumbe aliyeyasema haya alikuwa mmoja tu, na yamo kwenye muhtasari wa kikao.

Je, angeweza kwenda mahakamani? Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 42, inampa mtu yeyote anayefikishwa mbele ya chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu na kuomba mahakama iupitie uamuzi huo. Muda ni miezi mitatu tangu sababu ilipotokea, na tangu kanuni za mahakama kuhusu maombi hayo zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, mahakama inataka kwanza umalize njia zote za ndani. Afande alikuwa bado na rufaa ya Seneti. Pia majaji kwa kawaida hawashiki kalamu nyekundu: wanaangalia kama utaratibu ulifuatwa, hawaamui kama insha inastahili 41 au 43. Hoja yake ya utaratibu ilikuwa na uzito, lakini ada za wakili kwa ajili ya alama mbili, na muhula wa pili unaendelea, na yeye ameshafaulu? Aliacha. Sikumlaumu, ingawa siku atakapoomba uzamivu au ufadhili, kitakachosomwa ni hati ya matokeo, na hati haielezi 69 ilitoka wapi.

Seneti ilithibitisha mabadiliko mwishoni mwa muhula wa pili, yake na ya mwenzake. Yule mwenzake alikuwa ameshaacha masomo akiamini amefeli. Idara ilimwandikia barua. Ada ya riteki Afande aliomba irudishwe, mhasibu akasema fedha zikishaingia hazitoki, ila zinaweza kuhamishiwa ada ya usimamizi wa tasnifu, naye akakubali. Kilichobaki ni alama ya riteki ambayo mfumo bado unaionyesha mbele ya somo lile. Msajili amemwambia itaondoka orodha ya wahitimu itakapoandaliwa. Afande amemwomba amwandikie hivyo, kwa barua, na nakala yake ipigwe muhuri.